Kidonda Kwenye Pua ya Mama

Watu wa Kiamunyi, pembeni mwa mji wa Nakuru, hawaji kwenye maabara yangu kuuliza wanaugua nini. Huja wakijua tayari. Mtu anasukuma mlango, anaegemea kaunta, anasema, "Daktari, nipime malaria na taifodi," kama anayeagiza chai na mandazi. Nimewaambia hadi nikachoka kwamba mimi si daktari, kazi yangu ni kutoboa vidole na kuinamia darubini. Nimewaambia pia kwamba huku kwetu juu kwenye baridi mbu wa malaria hana kazi nyingi, na kwamba si kila homa ni yake. Hawasikii. Nikimwambia mtu kwamba sikuona vijidudu vya malaria kwenye damu yake, ananitazama kana kwamba nimempunja.

Kwa hiyo nilijizoeza kuuliza swali moja kabla ya kushika sindano. Umesafiri wapi? Aliyetoka matangani Busia namwandalia kioo cha malaria bila kusita. Aliyetoka Baringo kwa mjomba wake namuuliza mengi zaidi. Kuna mzee mmoja mnunuzi wa ng'ombe aliyekuja akitetemeka, kichwa kinamgonga, akitaka malaria yake apewe haraka aende zake. Nilimwomba apandishe suruali. Nyuma ya goti palikuwa na kigaga cheusi, kidogo, mahali kupe alipong'ata akashiba. "Hao kupe nimewang'oa tangu nizaliwe," akaniambia, akiwa amekasirika kidogo. Nilimwelekeza kwa daktari na maelezo ya kile kigaga, kwamba huenda ni homa ya kupe, naye akarudi baada ya muda kunisalimia, mzima, ingawa mpaka leo anasimulia kwamba nilimponya malaria.

Ninayasema haya ili ieleweke kwamba swali hilo nililiamini sana. Na mtu aliyelishinda ni mama yangu.

Mama anaishi upande wa Gilgil, kwenye kipande cha shamba ambacho zamani kilikuwa cha mzungu. Hori la mawe aliloliacha mzungu ndilo ng'ombe wa mama wanalonywea maji hadi leo. Nyuma ya shamba ardhi inapanda ghafla na kuwa majabali, na humo kwenye nyufa wanaishi pimbi, wanyama wale wadogo wanene wasio na mkia, wanaopiga kelele jioni utadhani wanagombania urithi. Tulikua tukiwatupia mawe. Mama ni mjane, ni mtu wa kanisa, na ni mtu wa maneno machache. Hata akikanyaga msumari husema "pole" kuuambia mguu wake, kisha anaendelea na kazi.

Kidonda kilianza kama kipele ubavuni mwa pua. Nilikiona nilipoenda kumtembelea, nikamwambia asikikune. Mara nyingine nilikikuta kimekuwa kikubwa, kimevimba ukingoni na kuzama katikati, kina gamba linalotoka na kurudi. Alikuwa amekipaka mshubiri, kisha mafuta ya duka la dawa, kisha dawa ya kuvu aliyopewa na jirani. Hakikumsumbua, alisema. Hakiwashi, hakiumi. Nilimtazama usoni nione kama ananidanganya, lakini uso wa mama haujawahi kumsaidia mtu yeyote kujua lolote.

Nilimleta Nakuru. Daktari wa kwanza, kijana mpole, alimuuliza, "Shosho, umesafiri mahali hivi karibuni?"

"Sijaenda mahali," mama akajibu. "Ni nyumbani, shambani na kanisani."

Nami nilimuuliza hivyo hivyo tulipotoka, kwa namna yangu, nikimzungusha huku na kule. Hukwenda Baringo kwa yule binamu? Hukulala kwa mtu? Akasema hapana, na nilijua si mwongo. Walimkata kipande cha nyama kidogo, kikapelekwa kupimwa. Majibu yalikuja yakiwa hayajaamua kitu: pana uvimbe wa muda mrefu, saratani haiwezi kuondolewa kwenye hesabu. Daktari wa upasuaji alitueleza kwa upole kwamba, kwa umri wake na kwa jinsi kidonda kinavyopanuka, ni salama zaidi kukikata chote pamoja na nyama ya pembeni. Maana yake ni kwamba sehemu ya pua ingeondoka.

Mimi niliuliza kama hakuna njia nyingine. Mama alitabasamu. Si tabasamu kubwa, ni lile la mtu aliyesikia jina lake likiitwa baada ya kungoja foleni. "Waikate tu," akasema. Nilidhani hajaelewa, nikamrudishia maneno ya daktari moja moja kwa lugha ya nyumbani. Akanishika mkono, akaniambia, kwa jina analoniita tangu utotoni, "Mami, nimeelewa."

Lazima niseme jambo jingine hapa, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Mwaka uliotangulia, mimi nilijipapasa titi na kukuta uvimbe. Niliyezoea kuwangojesha watu majibu nikawa mimi ndiye ninayengoja kwenye benchi. Nilimpigia mama simu, nikamwambia, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Akasema, "Nimesikia," akakata simu. Majibu yalipotoka kwamba si saratani, ni uvimbe wa kawaida usio na madhara, nilimpigia tena nikiwa nalia kwa furaha. Akasema, "Asante." Basi. Iliniuma sana. Nilitaka apige kelele, aulize, aje Kiamunyi na kuku mkononi. Nilimwekea kinyongo, na kinyongo hicho nilikuwa nacho hata siku nilipokuwa nikimshika mkono hospitalini.

Jumapili kabla ya upasuaji nililala kwake ili nimlete mjini Jumatatu. Tulikwenda kanisani pamoja. Mchungaji alimwita mbele ili aombewe, na akina mama wa kikundi chake wakainuka kwenda kumwekea mikono. Kila mtu alifumba macho. Mimi huwa sifumbi. Ni tabia mbaya niliyoanza nayo utotoni na sijaona sababu ya kuiacha, maana mtu huona mengi watu wakiwa wanaomba.

Niliona mikono kichwani na mabegani mwa mama. Niliona mmoja wa wale kina mama, mrefu, jirani yetu wa miaka mingi, ameinamisha kichwa, na kwenye ncha ya sikio lake kulikuwa na kidonda: ukingo umevimba, katikati pamezama, gamba juu. Nikadhani macho yangu yananichezea. Nikamtazama aliyekuwa kando yake. Kitambaa chake kilikuwa kimerudi nyuma kwa kutikisika na maombi, na chini yake, kwenye paji la uso, palikuwa na kidonda kama kile, kidogo zaidi. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa bado nahesabu vidonda. Saratani haiendi kanisani kuchagua kikundi cha akina mama.

Baada ya ibada walikaa nyuma ya kanisa kunywa chai kutoka kwenye chupa. Niliwafuata, nikasimama mbele yao bila adabu yoyote.

"Nyinyi huwa mnaenda wapi pamoja?"

Wakatazamana. Mmoja akajifanya anatafuta sukari. Mama alikitazama kikombe chake.

"Nimeuliza mnaenda wapi. Hivi vidonda vinafanana. Kuna kitu kinawauma nyinyi nyote, na mama anakatwa pua kesho."

 Walikunywa chai wakitazama chini, na haikuwa kwa kutojua. Nilipandwa na hasira, nikasema maneno ambayo binti wa mtu hasemi mbele ya wazazi, kwamba wangependelea mama azikwe bila pua kuliko kufungua midomo yao. Yule jirani mrefu ndiye aliyeinua uso.

"Hatukatai kukwambia kwa ubaya," akasema. "Mtu akifunga, si anafunga kwa siri? Ukitangaza, hiyo si kufunga tena, ni kujionyesha."

"Mnafunga wapi?"

Akamtazama mama kwanza. Mama akatikisa kichwa, taratibu, hapana. Lakini yule alikuwa ameshaamua. "Huko juu kwa mawe. Kuna pango. Ijumaa tukimaliza kazi ya shamba tunapanda, tunaomba mpaka giza liingie, ndio tunateremka. Na hizo pimbi zinatupigia kelele tu."

Nikaona yote mara moja. Pango lenye pimbi, na kwenye vumbi na nyufa zake usubi, vijinzi vidogo kuliko mbu, visivyotoa sauti, vinavyotoka kuuma jua linapozama. Vinanyonya damu ya pimbi, kisha vinanyonya ya mtu, na kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine vinabeba kijidudu kinachoitwa leishmania. Kuna aina yake ya Baringo inayoshambulia wengu na kuua watu, na hiyo kila mtu wa maabara huku anaijua kwa jina la kala-azar. Hii ya kwetu hukaa kwenye ngozi tu. Akina mama hawa walikuwa wamejifunika kama wanavyojifunika kwa maombi, mikono mirefu, marinda hadi kwenye vifundo, vitambaa vichwani. Usubi haukuwa na pa kuuma isipokuwa usoni.

Na mama hakuwa amemdanganya daktari. Kupanda nyuma ya nyumba yako kwenda kuomba si safari.

"Mbona umesema?" mama alimuuliza jirani yake. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa woga, na nilishangaa kuuona woga huo, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwokolea pua.

Jumatatu hatukuingia chumba cha upasuaji. Daktari wa upasuaji alinisikiliza hadi mwisho, kisha akampigia simu mwenzake wa magonjwa ya ngozi, na kwa hilo nitamshukuru siku zote. Yule wa ngozi, mama wa makamo mwenye haraka, alikwaruza ukingo wa kidonda kwa ncha ya kisu, akapaka kile kidogo alichopata kwenye kioo. Aliniruhusu niingie maabara ya hospitali, niketi karibu wakati wakipaka rangi. Mtaalamu wa pale aliangalia kwanza, akasogea pembeni ili niangalie.

Ndani ya seli moja kubwa vilikuwepo, vimejazana, vidude vya mviringo, kila kimoja na doa la zambarau na kando yake kijistari kifupi. Nilikuwa nimeviona kwenye picha za chuo tu. Sijawahi kufurahia ugonjwa namna hiyo maishani mwangu. Nilitaka kumkumbatia yule mtaalamu, mtu ambaye hata sikumjua. Kitu chenye sura kina dawa, nilijiambia, na pua ya mama itabaki mahali Mungu alipoiweka.

Nilitoka mbio kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Mama, si kansa. Ni kijidudu. Umeumwa na usubi kule pangoni. Utadungwa sindano kwenye kidonda, kitapona."

"Kwa hivyo si kansa?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Si kansa."

"Na wewe?"

"Mimi nimefanya nini?"

Alifungua mkoba, akaufunga tena. Nilifikiri furaha imemzidi.

Wale akina mama wengine walikuja pia, kwa kusukumwasukumwa na mimi, wakapimwa, wakaanza dawa. Ni sindano zinazochomwa kuzunguka ukingo wa kidonda, kidogo huku, kidogo kule, na dawa yenyewe inachoma kama pilipili. Inabidi kurudi tena na tena. Jirani yetu mrefu alilia kama mtoto, kisha akacheka, kisha akarudi mara iliyofuata. Mama alichomwa mara ya kwanza bila kukunja uso. Nilimuuliza kama inauma. "Si sana," akasema. Mara ya pili hakuja.

Nilimpigia simu. Akasema ng'ombe amezaa. Mara nyingine, mvua imeharibu barabara. Mara nyingine hakutoa sababu, alisema tu, "Tutaona." Lakini mwenyewe alikuwa akinipigia kila asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nijue simu. "Umeamkaje?" "Vizuri, mama." "Mwili uko aje?" "Mzima." "Uko na hakika?" Nilifikiri uzee umeanza kumlainisha, na nilipendezwa, na hapo hapo nilikasirika kwamba ananijali mimi na hajali uso wake. Daktari wa ngozi alikuwa ameniambia waziwazi kwamba kidonda kilicho puani hakiachwi hivi hivi. Kikiendelea kuchimba, gegedu, ule mfupa laini wa pua, itakwenda, na kisu tulichokikwepa tutakikuta mbele.

Nikafunga maabara alasiri moja, nikaenda Gilgil. Nilimkuta akikamua. Sikumsalimu vizuri.

"Wenzako wanapona," nilimwambia. "Yule wa sikio, limeanza kukauka. Wewe unangoja nini? Ni maumivu? Niambie kama ni maumivu, waweke ganzi zaidi."

Aliendelea kukamua. Maziwa yaligonga ndoo kwa muda, kisha akaacha.

"Uliponiambia una kitu kwa titi," akasema, "nilipanda huko juu. Sikuwa nimewahi kupanda, wale wengine ndio walikuwa wanapanda. Nilimwambia Mungu, kama ni lazima mtu wa nyumba hii aguswe, aniguse mimi. Nikafunga. Wewe ukaambiwa huna kitu. Nikaendelea kupanda, nikishukuru. Halafu hiki kikatokea." Aligusa pua, pembeni, kwa kidole chenye maziwa. "Nikajua nimesikika. Daktari aliposema kansa, nikajua kabisa. Nilikuwa nimeshalipokea."



"Sasa siri imetoka," akaendelea. "Na mnanichoma dawa kitoke. Kikitoka kwangu kitaenda wapi?"

Mimi ni mtu wa maabara. Nilimwambia yote niliyoyajua. Nilimwambia kwamba uvimbe wangu ulikuwa umechunguzwa kabla kipele chake hakijaota, kwamba kijidudu hiki hakihami kutoka pua ya mama kwenda titi la binti, kwamba nimekiona kwa macho yangu mwenyewe na ni usubi uliokileta.

"Na huo usubi ulitumwa na nani?" akauliza. Hakuwa anabishana. Alitaka kujua kama nina jibu, kisha akarudi kwenye ng'ombe wake.

Nilikaa kwenye hori la mawe nikamtazama mgongo. Nilikumbuka lile "asante" lake kwenye simu, na jinsi nilivyolibeba moyoni mwaka mzima kama deni. Mtu aliyekuwa akisema neno hilo alikuwa hajala tangu asubuhi, pengine alikuwa bado na vumbi la pango kwenye magoti. Nililia, na sikujaribu kujificha. Alinisikia, lakini alimaliza kukamua kwanza, maana ng'ombe hangojeshwi.

Kuuliza watu wametoka wapi ndiko kulikonilisha, na bado naamini kunafaa. Ila siku hiyo nilielewa kwamba yupo mtu anayeweza kukujibu ukweli mtupu na usijue lolote, kwa sababu anachokificha hakifichi kwa ajili yake mwenyewe.

Sikujaribu tena kumshinda kwa maneno. Wiki hiyo nilikwenda hospitali, nikaomba nipimwe upya titi. Daktari aliyenipima mwaka ule aliangalia tarehe, akaniambia muda wangu haujafika, nina kitu nilichokihisi? Nilimwambia hapana, nataka tu kupimwa. Nililala pale mezani nikiwa na mafuta baridi kifuani wakati ile mashine ikitelezeshwa huku na huku, na sitasema kwamba sikuogopa. Niliogopa kweli. Kwa dakika chache zile nilikuwa mtoto wa mama yangu na si mtu wa maabara, nikiwaza kama kweli tumekigusa kitu ambacho hakikutaka kuguswa.

Nilimpigia nikiwa bado nimesimama kwenye korido, watu wakipita wakinigonga mabega.

"Mama. Nimetoka kupimwa tena sasa hivi. Wamenipima na mashine. Hakuna kitu."

Nilisikia kuku kwa nyuma, na mlango wa bati ukipigwa na upepo.

"Hakuna kitu kabisa?"

"Hakuna, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akavuta pumzi, ndefu, nikaisikia ikitetemeka njiani.

"Basi kesho nakuja," akasema. "Na umwambie huyo daktari anichome polepole. Hiyo sindano inauma sana, mami. Inauma sana."